Ndama Aliyenukia Saluni

Wateja wangu huniuliza kama ni kweli mafuta ya lavenda yanafukuza kupe. Wengine wametumiwa ujumbe kwenye simu, wengine walinisikia mimi mwenyewe zamani, nilipokuwa nayatangaza utadhani nalipwa. Huwa nawajibu kwamba yanafukuza, kwa saa chache. Halafu nanyamaza. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kunyamaza, wanaonijua huvuta kiti wakae vizuri.

Nina saluni Geita mjini. Nasuka nimesimama, nakula nimesimama, na simu naongea huku nafagia. Nikikaa miguu inaniwasha. Mume wangu, alipokuwa hai, alikuwa akisema kuishi na mimi ni kama kuishi stendi. Miche ya lavenda aliniletea mteja mmoja aliyetoka Lushoto, nikaipanda kwenye makopo ya rangi mbele ya mlango, ikashika. Ina majani ya kijivu na maua ya zambarau yanayonukia hata ukipita na mambo yako. Nilianza kukausha maua kivulini, nikayaloweka kwenye mafuta ya alizeti, chupa nikaiacha juani mpaka mafuta yakavuta harufu yote, kisha nikachuja kwa kipande cha kanga. Niliyatengeneza kwa ajili ya nywele. Lakini mteja mwingine aliwahi kumpaka mbwa wake, akaja kuniambia kupe wamepungua masikioni. Basi. Mimi ukinipa neno moja kama hilo, umeninyima usingizi.

Kaka yangu alinipigia simu kutoka Mwakitolyo, ambako yuko na wenzake kwenye maduara, yale mashimo ya wachimba dhahabu, na nyumbani anarudi akipata nafasi.

"Baba hali," alisema.

"Hali nini?"

"Hali chochote. Anataka maziwa ya yule ng'ombe mwekundu, na ng'ombe amekauka, ana mimba kubwa. Wifi yako anapika uji, mzee anaumwaga. Njoo, dada. Wewe ndiye unayeweza kumlisha."

Alikuwa na maana yake. Baba alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu tangu mama alipofariki, kidogo kidogo, na sasa ilikuwa imemtoka sehemu kubwa. Na kwetu Wasukuma mke wa mtoto wa kiume ana mipaka na baba mkwe wake. Hamsogelei ovyo, hamgusi, hamshikii kijiko mdomoni. Wifi yangu alikuwa anapika, anapiga magoti mbali, anaweka chakula chini na kuondoka, na baba akiamua kukimwaga, yeye hana la kufanya. Mimi ndiye mtoto wa kumzaa. Nilifunga saluni, nikatia kwenye begi nguo chache na mfuko wa maua makavu ya lavenda, nikapanda gari la Kahama, nikaunganisha jingine mpaka Kagongwa. Kwetu ni mwendo wa bodaboda kutoka hapo.

Nilimkuta baba anazunguka ua na fimbo yake. Nilipiga goti, "Shikamoo baba." Alinitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni wa jirani, akaniita mayu, yaani mama, kama anavyomwita mwanamke yeyote.

"Marahaba, mayu. Umetokea wapi?"

"Geita, baba."

"Geita! Nina binti huko," akasema, akaendelea kuzunguka.

Iliniuma. Sitaki kusema haikuniuma. Nilikwenda jikoni nikaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Wifi alinieleza mambo yalivyo, nami nayaeleza hapa kwa sababu kila kitu kilisimama juu yake. Ng'ombe wetu wa kienyeji hashushi maziwa bila ndama wake. Lazima ndama atangulie kunyonya kidogo, mama amnuse, amlambe, chuchu zilegee, ndipo umsogeze ndama pembeni ukamue. Ndama akifa, maziwa yanakwenda naye. Yule mwekundu alikuwa ameshazaa mara mbili ndama wakafa wote kwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Unamwona ndama amevimba chini ya masikio, anahema mdomo wazi, basi, amekwisha. Wa mwisho alipokufa, baba alikaa bila kula mpaka akawekewa dripu zahanati. Safari hii, kwa umri wake, hakuna aliyetaka kujaribu kuona nini kitatokea. Kwa hiyo ndama huyu ilikuwa lazima aishi. Akiishi, baba atakunywa. Hesabu yetu yote ilikuwa hiyo.

"Si mnawaogesha dawa?" niliuliza.

"Josho limepasuka, halishiki maji. Wakubwa tunawapulizia kwa bomba. Lakini ndama mchanga humpulizii, wifi. Mama yake anamlamba mchana kutwa, atalamba sumu."

Niliposikia hivyo nilisimama wima. Hapo hasa ndipo dawa yangu ilipokuwa na kazi! Maua na alizeti, kitu ambacho hata mtu akikilamba hakimdhuru. Nilichukua chupa ya maji ya kunywa, nikaomba mafuta ya alizeti, na kwa sababu sikuwa na subira ya kungoja jua wiki nzima, niliiweka chupa kwenye sufuria ya maji ya moto, nikawa nayabadilisha maji kila yakipoa. Nyumba nzima ilinukia. Watoto waliporudi shule walisema pana harufu ya harusi.

Wifi alicheka. "Huyo ndama tunampeleka ukumbini?"

"Cheka tu. Utaniomba."

Masika yalikuwa yanaelekea mwisho na nyasi zilikuwa zimefika magotini. Ukitoka kuchota maji unarudi na kupe kwenye kanga. Mimi nilijipaka mafuta yangu miguuni na mikononi, na kweli hawakunigusa, nikawa natembea kwa maringo. Nililoweza kufanya kumhusu baba lilikuwa dogo. Nilikaa naye, nikamshikia kijiko, akameza viwili, akanisukuma mkono. "Unanukia hospitali," alisema. Nikaona ni sawa, nikajiambia ndama akizaliwa yote yatakwisha. Nilikuwa naenda zizini kumwangalia yule mwekundu kila baada ya muda mfupi, mpaka wifi akaniambia, "Ng'ombe mwenyewe amekuchoka."

Alizaa asubuhi, jua likiwa tayari limewaka. Ndama jike, mwekundu kama mama yake, na doa jeupe tumboni. Baba alikuwa pale ameegemea nguzo za zizi. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu nifike. Aliongea na ng'ombe kwa Kisukuma, maneno ya kumsifu, ya rangi yake na mwendo wake na maji aliyoyanywa, na hakukosea hata neno. Mimi ananisahau kati ya mlango na mlango, lakini sifa za ng'ombe zote zipo. Nilichukia na kufurahi kwa wakati mmoja.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Ndama alinyonya dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, na yalipoanza kuwa meupe wifi alikamua kidogo kwenye kibuyu cha baba, nami nikampelekea. Alikunywa. Alifuta mdomo, akaomba tena. Wifi alikuwa amesimama nyuma ya ghala akichungulia, nikamwona anajipangusa macho kwa ncha ya kanga. Nilimpigia kaka simu papo hapo nikampigia kelele za furaha mpaka akaniuliza nani amekufa.

Kesho yake niliona kupe mmoja ndani ya sikio la ndama. Mmoja tu, mdogo, bado hajanenepa. Damu ilinichemka. Wifi alikuwa ameenda shambani, ng'ombe wakubwa wako malishoni, ndama amefungwa kivulini peke yake. Sikungoja mtu. Nilimng'oa yule kupe, nikachukua chupa, nikampaka ndama kama ninavyompaka bibi harusi: masikio ndani na nje, shingo, kwapa, tumbo, chini ya mkia, kila mahali ambapo kupe angeweza kufikiria kukaa. Kisha nikarudia, kwa sababu sijui kufanya kitu kidogo. Manyoya yaling'aa. Nilirudi nyuma nikamtazama, nikajisikia daktari.

Jioni ng'ombe walirudi, jua likiwa bado juu ya miti. Yule mwekundu aliingia mbio, analia mlio wake wa kumwita mtoto. Ndama akamjibu. Mama akamfikia, akashusha pua mgongoni mwake, akakoroma, akarudi nyuma. Akaja tena, akanusa. Kisha akamsukuma kwa kichwa, na ndama alipojipenyeza kwenye kiwele akampiga teke likamwangusha.

Nilidhani ni hasira za siku moja. Nilimsogeza tena, akapigwa tena. Ng'ombe akawa anazunguka zizi analia, anamtafuta mtoto wake, na mtoto yupo pale pale mbele ya pua yake ananukia saluni. Wifi alifika na jembe begani, akasimama, akavuta hewa puani. Akalitua jembe chini. Nilitamani angenigombeza.

"Nilimkuta na kupe," nilisema.

"Sawa, wifi. Tumwoshe."

Tulimwosha kwa sabuni, na huo ukawa ubaya juu ya ubaya, kwa sababu sasa alinukia lavenda na sabuni. Ng'ombe hata kusogea hakusogea. Tulimfunga miguu ya nyuma tukamshikia ndama anyonye kwa nguvu. Alipata mafunda machache. Ng'ombe alikuwa ameyazuia maziwa juu huko, na ng'ombe akizuia hakuna mkono wa binadamu unaoyashusha. Kibuyu cha baba kilirudi kitupu.

Asubuhi tulijaribu majivu. Nilimbeba ndama mikononi kumpeleka kwa mama yake, akakataliwa. Tukajaribu chumvi mgongoni ili mama avutiwe kulamba, mimi nikimshikilia ndama kiunoni asikimbie. Ng'ombe alinyoosha shingo, akaikaribia ile chumvi, ulimi ukatoka, kisha akanusa juu zaidi, akakoroma na kugeuka. Nilipiga simu kwa bwana mifugo. Alisema tumpe ndama maziwa kwa chupa na tuendelee kumpaka harufu ya mama yake. Niliazima maziwa kwa jirani. Ndama alikunywa kidogo. Nilimpelekea na baba maziwa hayo hayo kwenye kibuyu chake, nikidhani hatajua. Alionja, akayatema.

"Haya ya nani?"

"Ya ng'ombe wako, baba."

"Mayu, usiniongopee. Mimi si mtoto."

Hakula siku ile. Uji aliusukuma, viazi alivigeuza geuza kwenye sahani, akaenda zizini kusimama. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imelegea kiasi kwamba ungeweza kuikunja kama kitambaa. Ndama naye alikuwa amelala chini, hainui kichwa nikipita. Niliogopa, si kwa mbali. Na mimi nikiogopa naongeza mwendo. Nilikwenda kisimani, nikarudi, nikapasua kuni, nikaenda zizini, nikamwinua ndama, nikamsugua kwa nyasi, nikamkumbatia kumpa joto, nikamsogeza kwa mama yake, nikasukumwa na pembe mimi mwenyewe. Nikaanza upya.

Ndipo wifi alipokuja akanishika mkono. Hajawahi kunishika mkono kwa nguvu hivyo.

"Wifi, naomba nikwambie kitu na usikasirike."

"Sema."

"Ni wewe."

"Mimi nini?"

"Kanga yako. Mikono yako. Nywele zako. Tunamwosha huyu mtoto anaisha harufu, halafu unambeba. Kila ukimbeba unampaka tena. Wewe mwenyewe ndiyo chupa."

Niliinua kiganja changu nikakinusa. Ilikuwa kweli. Yale mafuta nilikuwa nayo kwenye begi, kwenye nguo zote, kwenye ngozi tangu siku nilipofika. Nilimkumbatia ndama mara ngapi tangu jana? Ningekuwa nimemwacha tu, pengine angekuwa ananyonya.

"Nifanye nini?" nilimuuliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Usifanye kitu. Nenda kakae kule kwenye ngitili, upande ambao upepo hautakuleta hapa. Usije mpaka nikuite. Hata ukisikia analia, usije."

Ngitili ni eneo la nyasi tunalolifunga masika yote, ng'ombe hawaingii mpaka kiangazi kikikaza. Letu liko nyuma ya nyumba, mbali kidogo, na pembezoni kuna gogo lililoanguka. Nilikwenda nikakaa juu yake. Naweza kusema bila aibu kwamba nimeshazaa, nimezika mume, nimevunjiwa duka, na hakuna kazi iliyonishinda kama ile ya kukaa juu ya gogo. Kutoka pale sikuweza kuona zizi, paa la nyumba tu na moshi. Niliinuka, nikakaa. Nikaanza kung'oa nyasi. Nilisikia ndama analia, mara moja, kwa udhaifu, na mwili wangu wote ulikwenda mbele. Nikashika gogo kwa mikono miwili. Nilikuwa nalia pia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, hasira ya kuambiwa kwamba msaada wangu ulikuwa ni kutokuwepo.

Baba ndiye aliyekuja. Alikuwa katika mizunguko yake, fimbo mkononi, akaniona, akasimama, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba."

"Unangoja gari?"

"Nangoja."

Akaona ni jambo la maana, akakaa kando yangu. Sikuwahi kukaa na baba namna ile. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nakimbia, nilipokuwa mtu mzima nilikuwa nakuja kwa haraka na kuondoka kwa haraka, na tangu nimerudi nilikuwa ama nimeshika kijiko mbele ya mdomo wake ama naenda zizini. Sasa sikuwa na la kumfanyia. Tulitazama nyasi. Alinieleza habari za mbuga hii ilivyokuwa zamani, akazisimulia upya, nami nikamsikiliza mara zote mbili. Upepo ulikuwa unatupiga usoni kutoka zizini na kupeleka harufu yangu mashambani. Sijui tulikaa muda gani. Kivuli chetu kilikuwa nyuma tulipoanza, kikahamia ubavuni. Wakati fulani niligundua miguu yangu imetulia, na mikono yangu iko mapajani, na sijui ilifika huko saa ngapi.

Kisha nikausikia. Si mlio wa kuita. Ni ule mwingine wa chini, wa kooni, mdomo umefungwa, ambao ng'ombe anautoa akimlamba mtoto wake tu. Baba aliusikia pia. Aligeuza kichwa, akasema kwa utulivu kabisa, "Amemkubali," kana kwamba tulikuwa tunalizungumzia hilo siku zote. Sikuinuka. Niliogopa nikiinuka utakatika.

Wifi alikuja baadaye, mikono yote ikinuka mkojo wa ng'ombe na maziwa aliyompaka ndama, kanga nzima imechafuka, anacheka na machozi. Alisimama mbali kama adabu inavyotaka, akapiga goti, akakiweka kibuyu kwenye nyasi. Nikakichukua nikampa baba. Alinusa kwanza. Kisha akainua, akanywa, na koo lake likawa linapanda na kushuka, nikalitazama kila funda. Alipofika katikati akashusha kibuyu, akakifunika kwa kiganja.

"Hii nusu mwekeeni binti yangu," alisema. "Yuko njiani anatoka Geita."

Wifi akashindwa kuvumilia. Alisema kutoka pale alipopiga goti, "Baba, si ndiye huyo umekaa naye?"

Baba aligeuka akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, uso, mikono, miguu yangu iliyotulia kwenye nyasi. Nilikaa vivyo hivyo nisitikisike, nikimwomba Mungu.

"Hapana," alisema kwa upole, asije akaniudhi. "Huyu anajua kukaa. Wangu hakai."

Akanipa kibuyu nikishike mpaka mwenyewe atakapofika.